Kitale hadi Lokichoggio: njia iliyoigeuza kambi ya Kakuma kuwa manispaa

Siku ya kwanza: Kitale hadi Lodwar

Anayetaka kuielewa Kakuma aifuate kwa gari. Ndege humtua msafiri katikati ya mambo bila kumwonyesha yanakotoka. Barabara ya A1 kutoka Kitale hadi Lodwar ni takriban kilomita 300, na karibu kila kinachouzwa Kakuma, kuanzia unga na sukari hadi mabati na saruji, kimebebwa juu yake. Ubovu au uzuri wa njia hii husomwa kwenye bei ya duka.

Ni vyema kuondoka Kitale saa kumi na moja alfajiri. Kapenguria iko mbele kidogo, kisha gari linaanza kuteremka kupitia Ortum hadi Marich, na mashamba ya mahindi yanaachia migunga na mchanga. Kipande hiki cha mteremko ndicho cha kuhofia wakati wa mvua. Novemba 2019 maporomoko ya udongo na mafuriko ya West Pokot yalivunja madaraja na kuikata barabara, na malori ya kuelekea Turkana yakakwama. Mvua ikiwa imenyesha usiku, uliza madereva waliotoka Lodwar kabla ya kuanza safari; wao ndio wenye habari za saa hiyo.

Kainuk ni mpaka wa Pokot na Turkana. Wizi wa mifugo huzuka mara kwa mara upande huu, kwa hiyo pita mchana, na uzungumze na polisi wa kizuizini kuhusu hali ya mbele. Baada ya hapo ni Lokichar, ambako mafuta yaligunduliwa mwaka 2012, kisha Lodwar kando ya mto Turkwel. Beba maji yasiyopungua lita tatu kwa kila mtu, maana gari likiharibika kati ya vituo hivi viwili kivuli ni haba na duka liko mbali.

Barua ya ruhusa iwe tayari kabla ya safari. Kuingia kambini kwa utafiti, kupiga picha au kurekodi kunahitaji kibali cha Idara ya Huduma za Wakimbizi. Ombi litaje jina la kila mtu, tarehe za kuingia na kutoka, na shughuli yenyewe. Chukua nakala kadhaa na kitambulisho halisi. Kinachowakwamisha wengi ni kuandika "ziara" bila kueleza kazi: anayekagua kibali atauliza maswali ambayo barua ilipaswa kuyajibu.

Siku ya pili: Lodwar, zilikotengenezwa karatasi

Lodwar ndiyo makao makuu ya Kaunti ya Turkana, na hapa ndipo penye kiini cha habari yote. Kambi ya wakimbizi huendeshwa na serikali kuu pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR. Manispaa huanzishwa na kaunti. Kwa zaidi ya miaka 30 Kakuma ilikuwa na maelfu ya wakazi ambao serikali ya mahali hapo haikuwa imeagizwa kuwapangia mitaa, taka wala soko. Kuhamisha jambo hilo kutoka mkono mmoja hadi mwingine kulihitaji sheria.

Sheria inayotumika ni ile ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011. Ilipotungwa, mji haukuweza kuwa manispaa bila wakazi 250,000, na miji mingi ya Kenya ikabaki nje. Marekebisho ya 2019 yalishusha kiwango hadi 50,000. Kwa idadi ya watu, Kakuma ilipita mara kadhaa: kambi na makazi ya Kalobeyei pekee yana watu wapatao 300,000, bila kuhesabu Waturkana wa mjini na vijijini.

Lakini idadi ni sharti moja tu. Mji unatakiwa uwe na mpango jumuishi wa maendeleo, uonyeshe kwamba unakusanya mapato au una uwezo wa kuyakusanya, uweze kutoa huduma za msingi, uwe na nafasi ya kupanuka, uwe na miundombinu kama taa za barabarani, masoko na kituo cha zimamoto, uweze kuzoa na kutupa taka, na uwe na njia rasmi ya wakazi kushiriki katika uendeshaji. Gavana huteua kamati ya muda yenye wawakilishi wa wapima ardhi, wapangaji miji, wasanifu majengo, mawakili na wafanyabiashara. Kamati hiyo hukagua mji kwa vigezo hivyo na kutoa mapendekezo. Yakiungwa mkono, hoja inapelekwa bunge la kaunti, na azimio likipita gavana hutoa hati ya manispaa. Kakuma ilipata hadhi yake Februari 2025. Mwezi uliofuata serikali ya kitaifa ilizindua mpango uitwao Shirika, unaokusudia kuzigeuza kambi za Kakuma na Dadaab kuwa makazi ya pamoja ya wakimbizi na wenyeji. Mpango huo nao umesimama juu ya Sheria ya Wakimbizi ya 2021.

Hapa inafaa kusema wazi jambo linalochanganya watu. Manispaa ya Kenya haijitengi na kaunti. Huendeshwa na bodi ya watu tisa na meneja, na hufanya kazi zile tu ambazo kaunti imeikabidhi. Fedha zake hupitia bajeti ya kaunti. Kwa hiyo anayetaka kujua kama manispaa imeanza kazi kweli asiridhike na hati iliyotundikwa ukutani. Aulize mambo matatu ofisini: kazi gani zimekabidhiwa kwa maandishi, bodi imeteuliwa na kuapishwa lini, na bajeti ya mwaka huu ina fungu lenye jina la manispaa au la. Jibu la swali la tatu likiwa hapana, meneja atakuwa na ofisi na mhuri, huku lori la taka likiagizwa kutoka idara nyingine. Hivyo ndivyo manispaa nyingi changa hudumaa, na mara nyingi kosa haliko kwa watu waliomo ndani yake.

Siku ya tatu: Lodwar hadi Kakuma

Kilomita 120 hivi, kwenye barabara iliyojengwa upya kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Zamani kipande hiki kilikuwa cha mashimo na misafara ya ulinzi wa polisi. Hatari iliyobaki ni laga, yaani mito mikavu inayojaa ghafla. Mvua ikinyesha milimani kilomita nyingi kutoka hapa, maji hufika chini ya jua kali. Dereva akiona maji ya rangi ya udongo yanavuka barabara, asubiri. Kwa kawaida hupungua baada ya saa chache. Gari dogo likisombwa halirudi.

Kakuma mjini ni mtaa wa maduka, msikiti, makanisa, benki, na boda boda zisizohesabika. Kambi iko ng'ambo ya pili, ikifuata laga ya Tarach. Ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana wa Sudan waliotembea kutoka Ethiopia baada ya serikali ya Mengistu kuanguka mwaka uliotangulia. Waliofuata ni Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi, Waganda, na tena Wasudan Kusini kila vita vilipowaka upya. Mwaka 2002 Wabantu wa Somalia wapatao 12,000 walihamishwa kutoka Dadaab hadi hapa ili washughulikiwe safari ya Marekani.

Siku ya nne: masoko ya Kakuma 1

Kambi imegawanywa sehemu nne, Kakuma 1 hadi 4, na kila sehemu ina kanda na bloku zenye viongozi wake waliochaguliwa na wakazi. Kakuma 1 ndiyo kongwe, na ndiyo inayomwonyesha mgeni kwamba mji ulikuwepo kabla ya hati. Kuna soko la Waethiopia na soko la Wasomali, na kuna mtaa uitwao Hong Kong. Injera ya Waethiopia, anjera ya Wasomali, chapati na sombe ya Wakongo zinapikwa hatua chache kutoka moja hadi nyingine. Kiswahili ndicho kinachounganisha Mkongo, Mrundi na Mturkana mwenye mbuzi wa kuuza.

Mwaka 2018 Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, lilitoa utafiti kuhusu Kakuma kama soko. Lilikuta biashara zaidi ya 2,000, zikiwemo za jumla 14, na matumizi ya kaya za kambi na mji yakifikia takriban dola milioni 56 kwa mwaka. Hesabu hiyo ilibadili mazungumzo. Kabla yake Kakuma ilionekana kuwa gharama. Baada yake benki na kampuni za simu na umeme zilianza kuja na mahesabu yao.

Tazama jinsi bidhaa inavyofika. Mfanyabiashara mkimbizi haruhusiwi kutoka eneo la makazi bila hati ya safari ya Idara ya Huduma za Wakimbizi, na hati hiyo ina muda na sababu maalumu. Hawezi kuamka akaenda Eldoret kutafuta bei. Hupiga simu kwa muuzaji wa jumla wa Kitale au Eldoret, hulipa kwa M-Pesa, na mzigo hupandishwa lori pamoja na mizigo ya wengine. Hasara hutokea hapo: bidhaa isiyolingana na iliyoagizwa, magunia pungufu, na bei asiyoweza kuilinganisha na ya duka la pili. Ndiyo maana wauzaji wa jumla wachache waliojijengea uaminifu bara wameshika soko, na muuza rejareja hununua kwao kwa mkopo.

Ili kufanya biashara kihalali, mwenye duka hulipa leseni ya kaunti, awe mwenyeji au mkimbizi. Hii ndiyo mbegu ya mapato ya manispaa, na ilikuwa inalipwa tangu zamani. Walipaji wanachouliza ni kilichorudi: choo cha soko, mfereji, taa. Manispaa itapimwa hapo kuliko mahali pengine popote. Kama ada ya kibanda inaongezeka na mfereji wa nyuma ya kibanda umeziba vilevile, wafanyabiashara watajificha, na mapato yatashuka.

Umeme nao una historia yake. Kwa miaka mingi watu binafsi waliweka jenereta na kuvuta nyaya kwa majirani, kila taa na kila friji ikiwa na bei yake kwa mwezi. Waya mwembamba uliounganishwa kwa mkono na kupitishwa juu ya paa la plastiki huwasha moto. Chunguza viungo kabla ya kukodi chumba. Sasa kuna mitambo midogo ya jua, ya kampuni ya Renewvia huko Kalobeyei na ya Okapi Green, kampuni iliyoanzishwa na mkimbizi hapa Kakuma. Mteja hulipa kabla ya kutumia, na mita hukata salio likiisha.

Lakini soko hili linasimama juu ya msaada, na hilo halifichiki. Agosti 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilianza kugawa msaada kwa makundi manne kulingana na hali ya kaya, na kundi la nne halipati kitu. Siku ambazo fedha za chakula hazijaingia, daftari la madeni la muuza duka hunenepa. Zikichelewa zaidi, yeye naye hushindwa kumlipa wa jumla, na wa jumla huacha kuagiza lori. Mlolongo huo ni mfupi, hivyo mtikisiko mmoja huonekana kwenye rafu upesi.

Siku ya tano: maji na laga ya Tarach

Kakuma hupata mvua kidogo, kati ya milimita 200 na 300 kwa mwaka, na joto hukaribia nyuzi 40. Maji yote ni ya visima virefu vilivyochimbwa kandokando ya Tarach, kwa sababu laga inapojaa ndipo ardhi ya chini hunyweshwa. Pampu za jua zikisaidiwa na jenereta husukuma maji hadi matangi ya chuma yaliyoinuliwa, kisha yanateremka kwa uzito wake hadi mabomba ya bloku.

Fanya hesabu. Kiwango kinachokusudiwa ni lita 20 kwa mtu kwa siku, sawa na mtungi mmoja wa manjano. Kwa watu 300,000 ni lita milioni sita kila siku. Pampu ya jua hufanya kazi mchana tu, na watu huchota zaidi asubuhi na jioni, kwa hiyo tangi likiwa dogo maji huisha kabla ya jua kuchomoza. Bloku za mwisho wa bomba ndizo huumia kwanza: anayeishi karibu na tangi hujaza haraka, wa mbali hupata msukumo hafifu, na watu wakitoboa bomba katikati kujiunganishia, wa mbali hakuti hata tone. Fundi anayekagua aanzie bomba la mwisho. Pakiwa na maji huko, kwingine kote yapo.

Ubora una matatizo mawili tofauti. La kwanza ni vijidudu, na dawa yake ni klorini: bombani kipimo kionyeshe miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita. Mtungi mchafu huimaliza klorini hiyo ndani ya saa chache, kwa hiyo mitungi isuguliwe kwa mchanga safi na kusuuzwa kwa maji yenye klorini. La pili ni floridi, ambayo imekutwa kwa kiwango cha juu katika baadhi ya visima vya eneo hili. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakusaidii hata kidogo, maana maji hupungua na floridi hubaki. Njia ya uhakika ni kuchanganya maji ya kisima hicho na ya kisima chenye floridi ndogo kabla hayajaingia tangini.

Tarach inayoleta maji ndiyo pia inayokula makazi. Kingo zake ni mchanga tupu, na kila furiko humega vyoo na nyumba zilizo karibu. Shimo la choo likifunguka ndani ya laga, uchafu unaelekea kwenye visima. Hivyo mpango wa manispaa unaoruhusu kujenga kandokando ya laga unakaribisha kipindupindu, hata kama kila nyumba imelipiwa ada.

Maji ya mabomba ya kambini yamekuwa yakitolewa bure na mashirika. Manispaa haiwezi kuyaendesha hivyo kwa muda mrefu: dizeli, vipuri na mishahara ya mafundi vinataka fedha kila mwezi. Ankara itakuja, na ikija kabla wakimbizi hawajapata ruhusa ya kufanya kazi, kaya zitarudi kuchimba mchanga wa laga kutafuta maji.

Siku ya sita: Kalobeyei

Kilomita chache kutoka kambini kuna makazi ya Kalobeyei, hekta 1,500 zilizotengwa mwaka 2015 baada ya mashauriano na wenyeji. Huu ulikuwa mji wa kupangwa tangu mwanzo. UN-Habitat ilisaidia kuchora mitaa, viwanja, shule, masoko na maeneo ya kilimo kwa watu 60,000, wakimbizi na wenyeji wakikaa pamoja na kutumia huduma zilezile. Mwaka 2016 vita vya Sudan Kusini viliwaka tena, na viwanja vilivyopangwa kujaa polepole vikajaa wageni waliofika na mabegi tu. Uwiano uliokusudiwa ulivurugika siku za mwanzo kabisa.

Mwelekeo wenyewe ulibaki. Badala ya kugawiwa magunia, kaya zilipewa Bamba Chakula, fedha kwenye laini ya simu za kununulia chakula kwa wauzaji waliosajiliwa: Sh1,400 kwa mtu kwa mwezi. Kila mwezi fedha hiyo ilipita kwenye maduka ya hapa hapa. Nyumba nazo zilijengwa kwa fedha zilizotumwa kwa awamu kwenye akaunti ya kaya, kaya yenyewe ikitafuta fundi na vifaa.

Matofali hushindwa hapa kwa sababu moja kubwa, kukauka haraka. Tofali la saruji na udongo linahitaji kufunikwa kwa turubai au magunia na kumwagiwa maji asubuhi na jioni kwa siku saba. Likiachwa juani siku ya kwanza, nje hukauka na ndani hubaki bichi, na ukuta hupasuka mvua ya kwanza. Maji ya kumwagilia ni mitungi ileile ya kunywa, hivyo yapangwe kabla ya kufyatua. Anza na matofali machache, si yote kwa mpigo.

Bustani za hapa huchimbwa chini. Kitanda cha upana wa mita moja hushushwa sentimita 15 hadi 30 chini ya usawa wa ardhi, udongo ukachanganywa na samadi ya mbuzi, kisha sukuma wiki, kunde au mchicha ukapandwa. Kilichoinuliwa kingekauka kwa upepo. Kilichozama hushika maji ya kunawia na kivuli kidogo cha kingo. Ua wa miiba ya mathenge unahitajika, la sivyo mbuzi watavuna kabla ya mwenyewe.

Afya ni mahali ambapo mchanganyiko wa wakimbizi na wenyeji umefanikiwa kuliko kwingine. Kituo cha Natukobenyo hapa Kalobeyei na hospitali ya Ammusait huko kambini Kakuma huwapokea wote.

Ardhi ndiyo iliyobaki mbichi. Ardhi ya Turkana ni ya jamii, na isiyosajiliwa kaunti huishikilia kwa niaba yao chini ya Katiba na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016. Mkimbizi hupewa kiwanja cha kutumia, hapati hati ya kumiliki, kwa hiyo nyumba aliyoijenga haiwezi kuwa dhamana ya mkopo benki. Mturkana naye ana hofu ya haki kabisa: malisho yakichorwa mitaa hayarudi. Suluhu inayoweza kutekelezwa ni mkataba wa matumizi wa miaka maalumu, wenye malipo yanayoingia kwa jamii yenye ardhi na unaotambuliwa na benki. Kabla ya kuuandika, ardhi ya jamii isajiliwe. Bila usajili hakuna mwenye mamlaka ya kutia sahihi.

Siku ya saba: Lokichoggio

Kilomita 95 hivi kaskazini ndipo ilipo Lokichoggio. Kuanzia 1989 ulikuwa uwanja wa ndege wa Operation Lifeline Sudan, na msaada wa kusini mwa Sudan ukiruka kutoka hapa mchana kutwa. Shirika la Msalaba Mwekundu lilikuwa na hospitali kubwa ya majeruhi wa vita huko Lopiding. Mkataba wa amani wa 2005 uliposainiwa, mashirika yalihamia Juba, hospitali ikakabidhiwa, hoteli na maghala yakabaki na walinzi.

Tofauti ya miji hii miwili iko kwenye wateja. Lokichoggio iliuza vyumba, mafuta ya ndege na maghala kwa mashirika. Yalipoondoka, mnunuzi aliondoka nayo. Kakuma huuza unga, viatu, muda wa simu na huduma za kinyozi kwa wakazi wake. Hata hivyo fedha za wakazi hao bado zinatoka kwa wahisani kwa sehemu kubwa, na hapo ndipo vibali vya kazi na vya kusafiri vinapokuwa suala la mapato ya manispaa. Mwashi Mkongo mwenye kibali cha kujenga Lodwar huleta mshahara Kakuma; aliyezuiliwa kambini huleta foleni ya mgao.

Kutoka Lokichoggio hadi mpaka wa Nadapal ni kilomita 30 hivi, na malori ya Sudan Kusini hupita Kakuma kwenda na kurudi. Maegesho ya malori yenye choo, maji, taa na mizani, pamoja na soko la mifugo lenye zizi na josho, ni vyanzo vya ada ambavyo havitegemei mgao wa mtu yeyote. Kwa sasa malori mengi hupita bila kusimama, kwa kuwa hakuna mahali salama pa kulaza gari usiku.